Kwa Mama Mkwe Aliyetutuma Maji

Mama mkwe wangu mpendwa,

Ungekuwa hai nisingethubutu kukuandikia hivi, moja kwa moja, bila kupitia kwa binti yako Zaituni. Nilikuwa mkwe wako miaka kumi na moja, na maneno niliyokuambia mwenyewe kwa kinywa changu hayajazi ukurasa mmoja. Nikifika kwako Ludara nilichuchumaa kando ya njia, nikageuza uso, nikakusalimu nikitazama miguu yako, nawe ukaitikia ukitazama banda la kuku. Nikiletewa chakula ulipotea nyuma ya nyumba hadi ninawe mikono. Ndiyo heshima tuliyolelewa nayo, na sikuwahi kuilalamikia. Lakini sasa umeondoka na mimi nimebaki na maneno mengi, kwa hiyo niruhusu leo nikutazame usoni kidogo.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu mimi na wewe hatukuwa na lugha nyingine. Wewe Mkakwa, mimi Mlugbara wa mtaa wa Oli, na Kiswahili chako ulikiokota kambini, enzi marehemu mzee akiwa jeshini. Hata ukiomba chumvi ilikuwa amri.

Acha niseme ukweli: mwanzoni vikao vyako vya kuzungumzia kifo viliniaibisha. Nilikuwa kwenye cherehani yangu hapa Arua, mteja mmoja kutoka Koboko akaniletea suruali ya kupunguza, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Fundi, mama mukwe yako nafungua duka ya kifo kule Ludara." Watu wakacheka. Niliinamia kitambaa kama sikusikia. Jioni nikamwambia Zaituni akaongee na mama yake, aache kumwita mgeni ambaye huja hata asipoitwa. Zaituni akanijibu, "Nenda umwambie wewe," akijua fika kwamba siwezi.

Sikujua ulikoanzia. Nilikuja kuambiwa baadaye kuhusu yule jirani yako aliyekufa bila kusema neno, na jinsi ndugu zake walivyobishana kando ya kaburi kuhusu alichotaka, huyu hivi, yule vile, maiti inangoja. Wanasema ulisimama katikati yao ukauliza, "Nyinyi yote iko hapa kila siku. Nani aliuliza yeye?" Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wiki iliyofuata ulifagia lile banda kuukuu la kukaushia tumbaku, ukatandika mikeka, ukawaita wajane wenzako. Wakaja wajane, wakafuata wanaume, na mwisho wakaja imamu na katekista, wakakaa benchi moja.

Na sheria yako ilikuwa moja tu. Ndani ya banda lile hakuna kusema "Mungu apishe mbali". Atakayesema achukue dumu lililo mlangoni aende kwenye bomba la kusukuma, kule ng'ambo ya shule, alete maji. "Hapa tunasema," ulikuwa ukiwaambia. "Mutu anataka kufukuza maneno, miguu yake ifanye kazi kwanza."

Unakumbuka siku nilipoingia mtegoni? Nilimleta Zaituni kwa pikipiki nikabaki nje, nikijifanya nakaza mnyororo. Wewe ndani unawaambia watu kwamba hutaki mtu asimame kwenye mazishi yako aseme ulikuwa mpole, kwa sababu huo ni uwongo na mtoto mdogo anajua. Kisha ukasema, "Mimi nikikufa hata kabla mvua hii inakuja..." Neno likanitoka lenyewe, kwa sauti: Mungu apishe mbali! Hukugeuza hata shingo. Ukauliza nani huyo, ukaambiwa ni mkwe wako. Mama, kwetu sisi mkwe hatumwi maji. Mkwe anapewa kiti. Lakini nilikusikia ukisema, "Mukwe pia iko na mikono." Nikaenda. Niliporudi shati limelowa mgongo mzima, wanawake walinipigia vigelegele kama bwana harusi.

Kuanzia siku hiyo nilikaa ndani, nyuma ya nguzo, mahali ambapo mimi na wewe hatukuonana. Nikasikia mambo ambayo sikujua watu wanayabeba. Mzee mmoja mstaafu wa jeshi alisema haogopi kufa, anaogopa kufia mahali ambapo hakuna anayejua lugha yake. Mama mmoja wa sokoni alitaka tu kujua nani atamlisha mbuzi wake, na majirani watatu wakagombania kazi hiyo hapo hapo. Watu waliingia wameinamisha vichwa na kutoka wakitaniana. Nilianza kusema "mama mkwe wangu" mjini bila kushusha sauti.

Ndipo ukaugua.

Ulikuja kwetu Oli, ukalala chumba cha mjukuu wako Salima, tukakupeleka hospitali. Daktari alituita pembeni watu watatu: mimi, Zaituni na Rajabu, mwanao mkubwa. Alisema ini limeharibika kabisa, na muda uliobaki ni mfupi. Hatujafika hata getini, Rajabu akawa ameamua kwamba mama asiambiwe. Tuseme ni vidonda vya tumbo. Zaituni alilia akakubali, na mimi ni mkwe tu, nikakubali pia. Hebu fikiria, mama. Mwanamke aliyewafundisha watu wa Ludara kusema, sisi watoto wake mwenyewe tukamzungushia ukimya. Tulikunywesha maziwa asubuhi na jioni, tukakukataza pilipili, ili uwongo wetu ufanane na ugonjwa. Ulikunywa bila kubisha, ukitutazama mmoja mmoja. Naona haya hadi leo nikiyaona macho ya Zaituni juu ya kikombe kile.

Tulikurudisha Ludara siku ya kikao. Ulitembea hadi bandani umemshika Zaituni bega, ukakaa, na badala ya kufungua kikao kwa dua kama kawaida, ukauliza.

"Leo mimi iko na swali moja tu. Ugonjwa yangu inaitwa nani?"

Zaituni akautazama mkeka. Rajabu akasema, "Vidonda, mama."

"Rajabu, vidonda mimi nilikuwa nayo zamani, wewe iko tumboni. Mimi najua vidonda. Nauliza mutu ile najua."

Nilikuwa nyuma ya nguzo yangu. Nikisema, nitakuwa mkwe aliyeingilia damu isiyo yake, na shemeji zangu hawatanisamehe. Nikinyamaza, utakufa hujui unachokufa nacho, na banda lako lote litakuwa mchezo wa kuigiza. Nikatazama chini kama nilivyozoea, nikaiona miguu yako. Ilikuwa imevimba, ndala hazikuingia, ulizikanyaga juu tu. Miaka kumi na moja nilikuwa nikiitazama miguu ile. Sikuweza kuidanganya.

Nikasimama. "Mama, ni maini. Daktari alisema haiwezi pona."

"Angalia mimi."

Nikainua uso. Una kovu dogo juu ya jicho la kushoto, mama. Sikuwahi kulijua.

"Sema tena."

Nikasema tena, nikikutazama. Ukaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa mzigo wake na kuutambua. Rajabu akaruka juu akinielekezea kidole. "Mungu apishe mbali! Wewe naua mama yetu!"

Na wewe, uliyekuwa umetoka kusikia kifo chako dakika ile ile, ukanyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Rajabu. Dumu."

Hakuna aliyejua kama inafaa kulia au kucheka. Yule mzee wa jeshi ndiye aliyeanza, kicheko kikamtoka puani, kisha ukacheka wewe, machozi yanakutiririka, kisha banda lote. Rajabu alichukua dumu. Alilirudisha limejaa, akalitua mlangoni, akaondoka bila kuingia. Hakunisemesha tena kwa wiki nyingi. Nikija Ludara yeye anatoka.

Najua ulilia siku ile baada ya watu kwenda, Zaituni aliniambia. Ulilia jikoni, ukiwa umefunga mlango, na ilikuwa haki yako. Lakini kesho yake uliamka na amri. "Maziwa yenu peleka. Mimi nataka pilipili." Halafu ukamtaja dada yako wa Dranya, ambaye hamkusemezana tangu ulipoolewa na Mwislamu na kuacha kanisa lenu. Zaituni akasema tutamjulisha siku ikifika. Ukamkata. "Hapana ita yeye kwa mazishi. Ita yeye sasa."

Alikuja na kikapu cha karanga. Siku mbili mlikaa barazani mkimenya, mkiombana ungo tu. Siku ya tatu nilifika, nikasikia vicheko vya vikongwe wawili tangu barabarani, nikakaa kwenye pikipiki sikutaka kuvikatiza. Hakuondoka tena. Ndiye aliyekushika mkono mpaka mwisho, yeye na rozari yake na wewe na tasbihi yako. Kama tungeendelea na vidonda vyetu vya tumbo, angekuja kuililia sanda. Nikiwa na mashaka kama nilifanya vibaya siku ile, nawakumbuka ninyi wawili na karanga zenu, na mashaka yananitoka.

Ulituacha asubuhi, jua limeshapanda. Wanawake wakakusanyika kukuosha na hapakuwa na wa kuuliza chochote: nguo ipi, mahali gani, nani amwite nani. Ulikuwa umeshasema yote, mbele ya watu. Nimezika wengi, lakini mazishi yasiyo na ubishi niliyaona kwako kwa mara ya kwanza.

Maji ya kukuoshea yalikuwa hayatoshi. Sikungoja kutumwa. Nilikwenda bandani nikachukua dumu, nikavuka ng'ambo ya shule, na pale bombani nikamkuta Rajabu. Dumu lake lilikuwa limejaa zamani lakini alikuwa bado anasukuma, maji yanamwagika juu ya viatu vyake. Nikasimama. Hakunitazama. Kwa mguu akasogeza dumu lake pembeni, akachukua langu mkononi mwangu, akalitega, akalisukumia mpaka likajaa.

"Wewe ulisema na mama kweli," akasema. "Mimi nilishindwa."

Tulibeba maji tukarudi pamoja. Tulipofika, dada yako wa Dranya alitupokea madumu mlangoni, akamwambia Rajabu, "Mama yako alisema wewe utaleta."

Sasa nikuambie ya huku. Oli nako tuna kikao, kila Jumapili ya mwisho, kwenye chumba changu cha ushonaji. Nasukuma cherehani ukutani, natandika mikeka, naweka dumu mlangoni. Yule mteja wa duka la kifo huwa wa kwanza kufika, na ameshatumwa maji mara mbili. Wageni wakiuliza nani aliyeanzisha jambo hili, wengine hudhani ni watu wa hospitali, au shirika fulani. Nawaambia ni mama mkwe wangu, mjane wa Ludara, aliyesomea jikoni na kambini. Nalisema kwa sauti, mama, kifua mbele, na sijali nani anacheka.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu yangu kusema. Nilianza kueleza nikifa nataka nini, wapi nilale, nani asilazimishwe kulia. Sijafika mbali nikasikia sauti ninayoijua ikisema, "Mungu apishe mbali." Ilikuwa Zaituni wako. Chumba kizima kilimgeukia. Nilitaka kumtetea, ni mke wangu, lakini kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshasimama. Alichukua dumu mwenyewe akatoka. Tulimngoja. Alirudi kanga imelowa, akalitua, akaketi mbele yangu kabisa, akanikazia macho.

"Haya. Sema."

Nikasema yote, nikimtazama usoni.

Pumzika, mama. Na kama huko uliko kuna mtu anaogopa kusema, najua umeshamtuma maji.

Mkwe wako wa Oli,
Baba Salima