Kijiti cha Dizeli

Mpendwa Baba Njeri,

Nakuandikia nikiwa nimeegemea mashine ya kuangulia mayai. Leo inapashwa joto na taa mbili za mafuta ya taa, na ungekuwepo ungeshaniambia nifungue dirisha kabla sijakosa hewa. Nimelifungua.

Unakumbuka mgao wa stima ulipoanza, mtaa wetu mzima wa Mwiki ukawa unalala saa moja? Ulitoa ile jenereta kuukuu kwenye karakana, ukasema anayetaka mwanga anunue waya wake mwenyewe. Wakanunua. Halafu ukachonga kile kijiti cha kupimia dizeli. Kila jioni kabla ya kuwasha, mteja mmoja, si wewe, alikichovya kwenye tangi na kusoma alama kwa sauti. Ukizima, anachovya tena. Gharama ya dizeli iliyoliwa tuligawana kwa mafungu: globu fungu moja, friji ya maziwa ya Mama Halima manne, mashine yangu sita. Hata mimi mkeo ulinihesabia sita! Nilinuna. Ukacheka, "Nikikupunguzia wewe, Mama Halima atalipa ya kuku wako."

Nilianza biashara hii na kuku watatu na kikapu, kwa hiyo hesabu naijua. Yako ilikuwa safi.

Halafu ukaugua. Tuliuza jenereta kulipia matibabu ukiwa kitandani hospitalini Thika, ukaitikia kwa kichwa tu. Nilipoinuka kuondoka ukaniuliza, "Na watu wa waya?" Nikakwambia upone kwanza. Hukupona, na sikukujibu.

Sasa sikia yaliyofuata. Jioni za matanga yako nyumba ilijaa watu na hapakuwa na mwanga. Gitau mwenye baa akaja na jenereta yake kubwa, akaunga waya zote za majirani wa ploti kwake. "Hii ni ya marehemu," akasema. "Msiniulize pesa." Nani angeuliza? Mtu anakuangazia msiba, unamwambia nini? Pasta alimwombea baraka. Tukakuzika, tukarudi, taa zikaendelea kuwaka. Tulidhani tumepata jirani mwema. Hakuna aliyekumbuka kutoa waya wake, na hakuna aliyeuliza bei.

Mwisho wa mwezi aliitaja mwenyewe. Yangu ilikuwa mara tatu ya ile ya kwako. Nikaulizia dizeli kwenye pampu zote kutoka Ruiru mpaka Thika, haikuwa imepanda hata shilingi. Nikaenda baa na kijiti chako mkononi.

"Bwana Gitau, tuchovye, tugawane kama zamani."

Akakigeuza geuza mbele ya wateja wake wa bia. "Mama, hiki ni cha kukoroga uji. Mimi nauza stima."

Wakacheka wote. Nikamwambia silipi bei nisiyoielewa. Mchana wa kesho yake, stima ya mgao ikiwa imekatika, nilitoka kupeleka vifaranga Juja. Niliporudi mashine ilikuwa baridi. Alikuwa amekata waya mmoja tu, wangu. Hakunipa hata neno. Mayai yalikuwa wiki ya tatu, Baba Njeri, mengine yalishaanza kutoboka. Kuna mlio mdogo wa kifaranga aliye ndani ya ganda, wewe ulikuwa ukiweka sikio usikie. Niliweka sikio trei kwa trei, sikusikia hata mmoja.

Nilienda kushtaki ofisi ya mji, wakanisikiliza vizuri. Karani alikuwa mpole kweli. "Mama, muuza nyama tunamwandikisha, muuza pombe tunamwandikisha. Wa jenereta hatuna mahali pa kumweka." Nikamuuliza, anayechukua wateja ambao wamepoteza mtu wao, wasio na pa kukimbilia, huyo si ndiye wa kuangaliwa kuliko wote? Akasema ni kweli. Akaita anayefuata.

Kwa hiyo Jumapili baada ya kanisa niliwaita watu wa waya hapa nyumbani. Nikawaambia shida si bei peke yake. Shida ni kwamba alituchukua tukiwa na kilio, saa ambayo mtu haulizi. Tukakubaliana: anayetuwashia ataje bei kabla ya kuunga waya, dizeli ipimwe mbele yetu, na asikate mtu bila kumwambia siku moja mapema. Fundi wa kuchomelea vyuma akauliza, "Na akikataa? Jenereta ni yake." Mama Halima akamwambia, "Na waya ni za nani?"

Tulitoka pamoja tukazichomoa. Kila mtu alikunja wake akaubeba begani. Gitau akatoka na kitambaa cha kufutia glasi. "Ati mnarudi gizani?"

"Giza angalau bei yake tunaijua," Mama Halima akasema.

Usifikiri tumeshinda. Maziwa ya Mama Halima yanaganda, fundi analala njaa, na mimi kila saa naamka kugusa haya mayai nisijue kama nayapika au nayaua kwa baridi. Ni ya mwisho niliyoweza kununua. Wakati mwingine nakukasirikia, kwamba ulikuwa na sheria nzuri hivyo na ukaiacha kwenye kijiti.

Leo mchana Gitau alikuja hadi mlangoni. Majirani wameacha kunywa kwake na baa imekuwa tupu, nadhani. Akaangalia taa, akaangalia trei, akauliza kwa sauti ya chini, "Hicho kijiti kiko wapi?" Akanyoosha mkono.

Nikamwambia hakishikwi na mwenye jenereta. Kinashikwa na mteja, na akiwa tayari tutakuja nacho sote. Akashusha mkono, akaenda. Kama atarudi sijui.

Uliniuliza, na watu wa waya? Wapo. Wako gizani, lakini safari hii wataulizwa kwanza.

Pumzika. Nageuza mayai.

Mkeo,
Mama Njeri