Neno Nililolifuta

Kilosa,
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa shemeji Debora,

Marahaba. Shikamoo zako zote ulizonitumia kwa simu zilinifika, nami sikuitikia hata moja. Naomba radhi kwa ukimya huu mrefu. Mtu aliyefundisha watoto wa watu kwamba barua hujibiwa hana udhuru. Natumaini wewe, mumeo Octavian na watoto hamjambo huko Songea, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi tu wazima. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu tulipoanua matanga, lakini tu wazima.

Uliniomba picha ya marehemu dada yako kwenye sendofu ya binti yetu Agatha, siku ile ya kuagana kabla ya harusi, ukasema unataka kumwona akiwa amevaa kitenge ulichomshonea. Sikunyamaza kwa kusahau.

Dada yako Paulina alijua mapema kwamba hangeweza kufika Mikumi kwenye harusi. Alikuwa akichoka hata kwa kutoka chumbani hadi barazani. Kwa hiyo aliiomba kamati ya harusi jambo moja tu: sendofu, iliyopangwa kufanyika hapa hapa Kilosa, ipigwe picha yote, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa harusi yake yeye. Alisema wajukuu watakaokuja waonyeshwe bibi yao akiagana na mama yao.

Agatha alilichukua ombi hilo kwa uzito. Rafiki yake wa kazini alikuwa ametelekezwa na mpambaji aliyezima simu siku ya harusi, basi hakutaka kuahidiana kwa mdomo. Alimpata mpiga picha wa Mikumi aitwaye Bonifas, akaenda kuziona kazi zake, akawauliza watu aliowahi kuwahudumia, kisha akaandika rasimu ya mkataba: kazi gani, wapi, nani atakuja yeye akiugua, picha zitatolewa lini. Mjomba wake alimtania kikaoni kwamba hatujui anaajiri mpiga picha au mlinzi wa benki. Agatha akamjibu kwamba acheke tu, mpambaji wa rafiki yake naye alikuwa mcheshi sana. Tulicheka wote. Rasimu nikapewa mimi niinyooshe Kiswahili. Paulina akasema kwa sauti yake ndogo kwamba nikifika mbinguni nitawasahihisha malaika nyimbo zao.

Siku ya sendofu tulimketisha Paulina kwenye kiti chenye mito. Mimi mwenyewe nilimwagiza mshereheshaji awatangazie wageni waweke simu zao, wasimzibe mpiga picha. Wakatii. Bonifas hakutokea. Mwanangu Samson alipompata kwenye simu, alikuwa Tindiga kwenye shughuli nyingine, akaanza kusema kwamba kazi ya siku hiyo haimo katika mkataba. Samson hakumsubiri amalize. Alimtukana, akakata simu. Dada yako hakuwa na nguvu za kumsubiri mtu. Alimwita Agatha, akamwekea mkono kichwani, akamwombea kwa Kividunda, kama mama yenu alivyomwombea yeye siku ya ndoa yetu. Kisha tukamrudisha kitandani.

Siku ya harusi huko Mikumi, Bonifas alifika asubuhi na mapema, akafanya kazi safi, na picha akazileta kwa wakati. Ni nzuri sana. Katika zote, kiti cha mama wa bibi harusi amekikalia shangazi.

Tangu mazishi, Samson anasema Bonifas ametuzikia mama mara mbili. Amelitangaza jina lake katika makundi ya WhatsApp, na sasa watu wanamnyang'anya kazi walizokwisha kumpa. Jumatano anakusudia kwenda kumshtaki mahakamani.

Wiki iliyopita Bonifas alikuja nikiwa peke yangu. Aliniamkia kwa heshima, akaniomba niisome nakala yake ya mkataba. Nikaisoma. Imeandikwa: picha na video, harusi, Mikumi. Basi.

Shemeji, Agatha alikuwa ameandika "sendofu Kilosa na harusi Mikumi". Neno sendofu nililifuta mimi, pamoja na Kilosa yake, kwa kuwa si Kiswahili sanifu. Niliandika "sherehe ya kumwaga bibi harusi", nikaona inasomeka kana kwamba bibi harusi anamwagwa kama maji, nikaifuta nayo. Nikajiambia nitatafuta neno bora zaidi. Kesho yake niliipeleka karatasi kuchapwa bila neno lolote. Agatha alitia sahihi bila kuisoma tena, akisema kilichopitiwa na baba hakina haja ya kupitiwa. Bonifas naye alidhani sendofu tumempa mtu mwingine.

Aliniambia kwamba hakumweleza Samson kwa sababu si kazi yake kumfunulia Mwalimu kosa mbele ya watoto wake. Akaaga. Sikuweza hata kumwambia pole. Nakala yetu iko kwenye sanduku langu, na Samson alipoiulizia nilimwambia kwamba bado naitafuta.

Nikisema, Agatha atajua ni nani aliyemnyima uso wa mama yake. Nikinyamaza, kijana wa watu atapoteza kazi kwa kosa la kalamu yangu.

Picha ipo moja tu. Ilipigwa kwa simu na mgeni aliyekaidi tangazo langu, Mungu ambariki. Mgongo wa mtu umemziba dada yako. Unaonekana mkono wake tu, juu ya kichwa cha Agatha, na ukingo wa mkono wa kitenge chako. Nimeisafishisha, nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Msalimie Octavian na watoto. Mwombee Agatha, na mimi pia ukiweza. Samson atakuja kuichukua nakala Jumanne. Nikishaamua nitamwambia nini, nitakuandikia, usije ukaisikia kwa mtu mwingine.

Shemeji yako,
Theodory