Maneno Matatu ya Mama Bolumbu

Aisha, mjukuu wangu,

Huku Kisangani tuko wazima. Tonton wako, mwanangu wa mwisho, amepata mtoto wa kike, na goti langu linauma mvua ikija tu. Umeniuliza kwa nini makala yangu ya kwanza, ile ya SIDA, yaani UKIMWI, na ubongo, ilichelewa kutoka.

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Tulipima kumbukumbu za wagonjwa kwa jaribio lililotoka Ulaya: mgonjwa anapewa maneno matatu, baadaye anayarudia. Theluji, tufaha, piano. Mama Bolumbu, muuza samaki wa Yanonge, hakurudia hata moja.

Profesa wangu akasema, "Bon, andika ubongo umeharibika."

Nilikataa. Kwao wangesikia hivyo, wangemnyang'anya meza yake sokoni.

Nikampa mengine: kasia, moshi, pondu, yale majani ya muhogo tunayopika kila siku. Akayarudia yote, akacheka. "Docteur, sasa hii iko maneno ya kwetu."

Basi nikaanza upya, na wagonjwa wote. Profesa alininunia mpaka makala ikatoka.

Profesa wako naye anakuharakisha, umeandika. Mwache anune, mama.

Koko wako