Matone ya Marashi kwenye Karatasi Yako ya Mwisho

Khalati Zuwena,

Nimeshindwa kungoja mpaka nije kaburini kukusomea Fatiha ndo nikuhadithie. Nna furaha mpaka mikono inatetemeka, na wewe ulikuwa ukinambia mkono unaotetemeka usishike brashi. Basi nimeshika kalamu.

Picha imetundikwa. Kwenye maonyesho, hapa hapa Maskati, na jina langu liko chini yake.

Tangu ulipotutoka ilibaki karatasi moja tu ya Kichina, ile laini inayokunywa maji pale pale unapoigusa. Karatasi nene ya Kizungu inasamehe. Unafuta kwa sponji, unarudia. Hii yako haina kurudia. Nawe ulizichanganya njia zote mbili, wino uliojifunza ulipoishi Guangzhou, Uchina, na rangi za maji ulizosomea Uingereza, na mimi kwenye karatasi hii sikupata kupaka hata siku moja bila ya wewe kuwa ubavuni mwangu. Wenye maonyesho wakaitaka kazi ya karatasi hiyo hiyo. Kila nikiifungua, naiviringisha tena. Nikiiharibu hii, nilijiambia, basi mimi si mchoraji, nilikuwa mwanafunzi wako tu.

Ijumaa nikajitia moyo. Nikazima eisii, vile ulivyonifunza, upepo wake usikaushe rangi kabla haijatembea. Nikayakumbuka majabali ya pwani ya Qantab na maneno yako: "Tizama, kisha usahau. Kinachobaki ndo utie." Nikatia wino, nikatia buluu juu yake ungali mbichi, ikawa inakwenda, Khalati, inakwenda vizuri kweli.

Sasa Mama. Dada yako unamjua. Wageni wameshakaa sebuleni, yeye anazunguka na mrashi wake, akiwanyunyizia marashi ya mawaridi ya Jabal Akhdar, hakuna anayesalimika. Akaingia chumba cha nyuma bila ya kugonga. "Njoo uwaamkie watu, unanuka wino," na huku ananinyunyizia kichwani. Matone yakaangukia karatasi.

Nilipiga ukelele mpaka wageni wakainuka sebuleni. Mama akauficha mrashi nyuma ya mgongo, yeye ambaye miaka yote alikuwa akikuuliza mbele ya picha zako, "Hichi nini sasa, wingu au doa?"

Mara tukaona. Kila tone likaanza kuisukuma rangi pembeni, likafunguka duara jeupe lenye ukingo wa buluu. Nilishaokota kitambaa nikaushe. Nikakusikia: "Acha maji yamalize kazi yake." Nikakiweka chini. Wallahi, sijapata kufanya jambo gumu kama kukaa pale na kutofanya kitu.

Ilipokauka, mwanga ulikuwamo. Ule ule uliokuwa ukiutafuta kwa brashi mpaka maradhi yakakulaza. Nililia, nikacheka, Mama akadhani nimepagawa.

Fundi wa fremu kule Hamriya aliipindua pindua, akaniuliza juu wapi. Nilicheka peke yangu njia nzima, maana swali hilo nilikuuliza wewe siku ya kwanza.

Siku ya kufunguliwa maonyesho Mama alivaa abaya yake ya Idi. Akaja bibi mmoja, akasimama mbele ya picha, akauliza ni picha ya nini. Kabla sijafungua mdomo, Mama akamjibu: "Usiulize ya nini. Tizama kwanza."

Maneno yako, Khalati. Kwa sauti yako hasa. Ilinibidi nitoke nje kidogo.

Nakutamani uwepo, hili sikufichi. Lakini lala kwa raha, Mungu akupe nuru kaburini. Karatasi nimeshaagiza, na nakuahidi sitaziviringisha tena kwa woga. Na dada yako, siku hizi anakuja chumba cha nyuma na kikombe chake cha kahawa, anakaa kwenye kiti chako. Jana kaniomba brashi. Nitamfunza kama ulivyonifunza, ingawa kugonga mlango bado hagongi.

Mwanao,
Rayya