Msimchekeshe Mama Akikuna Nazi

Je, Mama atarudi akicheka au amenuna? Sijui bado. Tumekwenda hospitali, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Baba, shikamoo. Mchuzi wa samaki u tayari. Huzaifa, wali upike wewe, na usiuache ukaungua.

Huzaifa, asubuhi ulipomwigiza jirani yetu Bi Kulthum akigombana na kuku wake, Mama alicheka, kisha akakimbilia chooni. Ukasema, "Mama siku hizi hataki mzaha!" Nilimkuta akitawadha mara ya tatu kwa sala moja ya dhuha, machozi yakimlengalenga. Tangu alipokuzaa wewe, akicheka au akipiga chafya hutokwa na mkojo. (Usijilaumu, ingawa kichwa chako ni kikubwa.) Ndiyo maana haendi harusini. Goti analolitaja kila akialikwa halijapata kumuuma.

~~Msimwonyeshe kwamba mmejua.~~ La, mwenyewe ameniambia, "Waandikie. Nimechoka kulisingizia goti."

Si aibu, wala si uzee. Nimesoma kwamba ni misuli ya sakafu ya nyonga iliyolegea, nayo hufunzika: mtu huibana kama azuiaye mkojo, akahesabu, akaiachilia, kila siku kwa miezi kadhaa. Mama amesema mazoezi hayo atayafanyia juu ya mbuzi ya nazi, akikuna. Akinyamaza hapo, msimwulize kitu, anahesabu. Mizaha ingoje nazi iishe.

Nimeamua, naye ameridhia: harusi ya binamu yetu Ruwaida Mama anakwenda, awe amepona au bado. Nitaketi ubavuni mwake na kanga ya akiba.

Binti yenu mkubwa,
Wafa