Upinde wa Noof

Noof mwanangu,

Wali umo jikoni. Mpakulie bibi yako kwanza. Nimerudi lile duka la Mabela kuubadilisha upinde wa kapi, wenye vigurudumu vya kamba, tulioununua leo.

Dukani asubuhi ulisema, "Baba, mie navuta kwa mkono wa kushoto." Nikakujibu mbele ya watu kwamba katika nyumba yangu mkono huo hautumiwi. Ndivyo tulivyolelewa katika bweni la shule, nami najivunia malezi hayo. Lakini ulipoujaribu upinde wa mkono wa kulia niliokuchagulia, kamba ilikuchubua mkono, nawe ukasema tu, "Ahsante, Baba." Neno hilo linaniuma hadi sasa.

~~Safari ya kuwinda tuiahirishe.~~ Tutakwenda kuwinda, ikiwa bado wataka kufuatana nami.

Chakula utakula kwa mkono wa kulia. Upinde utauvuta kwa wa kushoto.

Baba yako