Jino Lililozibwa kwa Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 7 Julai 1958

Chai ya uvuguvugu tena. Mke wangu Kapinga huipoza na kunipa bila kuniangalia. Kwenye baiskeli nikasahau, nikavuta hewa kwa mdomo. Jino la juu, kulia. Ilibidi nishuke na kusimama kando ya barabara kama mlevi. Asubuhi za Julai hapa Kolwezi zinakata.

Ijumaa dantiste, daktari wa meno wa hospitali ya Wazungu, alilitoboa jino hilo na kuliziba. Alisema litashituka kwa baridi na moto kwa wiki chache, kisha litatulia. Nilipita mlango wa nyuma, wagonjwa wao wakiwa wameshaondoka. Bosi wangu wa ofisi alikuwa amepiga simu huko kuniombea. Niliona haya. Lakini sikukataa.

Jumanne, 8 Julai

Nimesoma upya makala yangu katika gazeti dogo la sirkle, klabu yetu ya kambi ya mgodi. "Mweupe anazibwa, mweusi anang'olewa." Hata watoto wanaijua sentensi hiyo. Zahanati yetu haina mashine ya kuziba, ina koleo tu. Ilunga, kaka yake Kapinga, mchimbaji, ameacha meno matatu humo. Ni yeye aliyenifanya niandike. Katika makala hiyohiyo niliwaita wanaopokea upendeleo "mbwa wa jikoni". Wakati ule niliona ni maneno mazuri sana.

Alhamisi, 10 Julai

Ilunga amepita. Jumapili sirkle itachagua mtu wa kuongoza ujumbe kwa daktari mkuu, kudai kambi nayo ipate dantiste wa kuziba meno. Anataka niwe mimi. Kapinga alituletea maji ya mtungi. Yangu sikuyagusa.

"Haukunywe, shemeji?"

"Sina kiu."

Kapinga akacheka. "Simba ya gazeti! Siku hizi iko nakunywa maji ya moto-moto kama mutoto."

Ilunga naye akacheka, mkono ukificha mapengo. Hakuelewa. Kapinga anamficha kaka yake habari za jino kwa ajili yangu. Nilimkasirikia kwa mzaha ule, kisha nikajiuliza nina haki gani.

Jumapili, 13 Julai

Tangu sirkle ipate frigo, jokofu la vinywaji, kuna desturi. Msemaji hufunguliwa chupa ya kwanza ya bia, naye hunywa amesimama, mbele ya wote, kabla ya kusema. Asiyekunywa huambiwa ana jambo moyoni.

Nilikunywa. Ubaridi ulipanda hadi jichoni. Nilishika meza. Machozi yakatiririka mashavuni na sikuweza kuyazuia. Kisha mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Muangalie baba! Iko nalia juu ya meno yetu!"

Makofi. Mama mmoja alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Badala yake nilihutubia, tena vizuri kuliko siku zote. Mikono yote ikainuliwa. Ilunga alinibeba begani mpaka nje.

Aibu. Sina neno lingine.

Jumatano, 16 Julai

Tulikwenda, watu wanne. Daktari mkuu alikuwa amemwita dantiste wake. Kijana, mpole. Aliponiona akatabasamu, akaniuliza kwa Kiswahili chake:

"Na jino yako? Baridi iko nauma bado?"

Hakuwa na nia mbaya. Wenzangu wote waligeuka kunitazama. Hoja zote nilizokariri ziliyeyuka.

Ilunga ndiye aliyesema. Alifungua kinywa, akaonyesha kwa kidole. "Moya. Mbili. Tatu. Ya ine iko naoza. Ile nayo mutaing'oa?"

Daktari mkuu alijibu kwamba wakubwa watafikiri. Tulirudi kambini Dilala kwa miguu. Wao mbele, mimi nyuma.

Ijumaa, 18 Julai

Tangu jana naandika kujitetea. Mgonjwa ni mgonjwa. Kukataa kwangu kusingemponya mtu. Hoja zina nguvu, ningeweza kumshinda nazo mtu yeyote. Nimezichana.

Jioni nilisimama sirkle. Nikawaambia machozi ya Jumapili yalikuwa ya bia baridi. Nilitarajia matusi. Hata mmoja hakunitukana, na hilo liliniumiza zaidi. Ilunga ataongoza ujumbe. Chupa ya kwanza walimfungulia yeye.

Jumapili, 27 Julai

Ilunga amekuja nyumbani, mara ya kwanza tangu siku ile ya daktari mkuu. Shavu limevimba. Alingoja mpaka Kapinga akatoka kwenda kumenya mihogo.

"Shemeji, kuziba kule, inauma?"

Nikamweleza. Kelele ya mashine. Harufu ya karafuu. Ladha ya chuma ulimini. Alitaka kuona, nikafungua kinywa, akainama kuchungulia.

"Kumbe ni kadogo hivi," akasema.

Kutoka kwa wakubwa hakuna jibu. Shavu halingojei.

Jumatatu, 28 Julai

Niliomba ruhusa ofisini, nikamsindikiza Ilunga zahanati. Benchi lilijaa. Zamu yake ilipofika alinipa kofia nimshikie. Nilimsikia akiguna mara moja tu.

Alitoka na pamba mdomoni. Nilimrudishia kofia. Tukatembea polepole.

Bombani nilikinga mikono, nikanywa maji, baridi kama asubuhi yenyewe. Nilingoja. Jino halikuuma.